Kigae cha Mlangoni Ni cha Mama Saida

Vijana wetu, salamu nilishawapa Jumamosi ukumbini, kwa hiyo leo naingia moja kwa moja miguuni penu. Angalieni mnachokikanyaga. Kama uko Rågsved, au Fisksätra, au kwenye zile ofisi za Kista ambako wengine wenu mnaandika programu na wengine mnafuta vumbi la wanaoandika programu, inawezekana kabisa unakanyaga kazi ya mikono yangu. Sakafu nilizolaza mji huu wa Stockholm ukiziunganisha zitatoka hapa mpaka Tanga, zitazunguka nyumba ya wakwe zangu, na kitabaki kipande cha kutosha jiko. Asiyeamini aje apime.

Mhariri wa jarida la chama ameniomba niwaandikie kuhusu sakafu za karavani, vile vijumba vya kuvutwa nyuma ya gari, kwa sababu siku hizi kila kijana anayejua kusema "shikamoo" amenunua karavani kuukuu, na kila mwaka barafu ikiyeyuka simu yangu hailali. "Mzee Hamisi, vigae vimeachana." "Mzee Hamisi, sakafu imevimba kama andazi." Basi nitaeleza mara moja, mniache nistaafu. Ila nikichepuka njiani mniwie radhi. Sakafu ya karavani yangu ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Naanza na aliyenifundisha. Aliitwa Bengt, fundi mrefu kama mlingoti, mkimya, magoti yake yakilia kama bawaba kila akiinuka. Majira yangu ya baridi ya kwanza kazini nilitaka kumwonyesha kwamba Mtanga naye anajua kuchapa kazi. Tulifika kwenye nyumba ya mtu asubuhi, nikabeba maboksi ya vigae vya vinaili, vile vya plastiki laini, kutoka kwenye gari lililokuwa limelala nje, nikapiga magoti, nikafungua kisu. Bengt akainama, akaweka shavu lake juu ya boksi kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Hamisi," akasema, "hivi vimelala nje kwenye baridi. Wewe ukitoka kwenye baridi namna hii, unaanza kazi kabla hujavua koti?"

"Navua koti, na naomba chai."

"Basi vipe chai."

Vijana, Kiswedi changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi. Nilikwenda jikoni kwa mwenye nyumba nikaomba chai ya vigae. Hapo ndipo nilipomwona Bengt akicheka, nami nilimwona akicheka mara chache kuliko nilivyoliona jua la Desemba. Alichotaka ni kwamba tuvitoe kwenye maboksi, tuvilaze bapa, kimoja juu ya kingine, ndani ya chumba kile kile vitakamolazwa, tuvifungie na hita, tuondoke mpaka vipate joto la chumba. Kigae kikiwa baridi kimejikunyata. Ukikipima kikiwa hivyo unapima uongo. Tangu siku hiyo, popote nilipofanya kazi, hatukusema "kusubiri vigae". Tulisema vinakunywa chai.

Baadaye nikajiunga na shule ya jioni. Nilikuwa natoka kazini magoti yanawaka moto, naingia darasani na watu walio umri wa watoto wangu. Mwalimu wa fizikia akaeleza kwamba vitu hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Nikanyoosha mkono, nikamwambia hilo kwetu linaitwa chai. Darasa zima likaniita Chai mpaka siku ya mahafali. Cheti changu nimekitia fremu kubwa kuliko picha yetu ya harusi. Mke wangu alipoiona akasema, "Naona umeoa upya."

Huyo mke wangu ni Rehema, kwenu Mama Saida. Nimemfikia mapema kuliko nilivyokusudia, lakini ndivyo ilivyo siku hizi. Naanza na gundi, namalizia na Rehema.

Bengt alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzetu waliicheka. Kigae cha mwisho, kile cha mlangoni, hakukibana yeye. Alimwita mwenye nyumba, akamwambia avue viatu na soksi, akikanyage kwa mguu mtupu. "Mimi najua kulaza," alisema, "lakini atakayeishi hapa ni yeye. Sakafu imjue." Nikairithi desturi hiyo. Nimekanyagisha madaktari, wachungaji, bwana harusi mmoja aliyekuwa anachelewa kanisani, na bibi aliyeniambia kwamba mwenye nyumba hasa ni paka. Tulimkanyagisha paka.

Sasa karavani. Tuliinunua binti yetu Saida akiwa bado shuleni, na kila kiangazi tuliivuta mpaka kando ya ziwa, nje kidogo ya mji. Waswedi walio jirani walikuwa na viti vya kukunja, meza za kukunja, nadhani hata mbwa wao walikuwa wa kukunja. Rehema hakutaka kiti. Yeye ni mtu wa chini. Akiingia ndani anavua viatu, anatandika mkeka, ananyoosha miguu, na vitunguu anavikatia hapo hapo. Na alikuwa na mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyoileta kutoka Tanga ndani ya begi la mkononi. Jinsi alivyowapita maaskari wa uwanja wa ndege na ule ulimi wa chuma mpaka leo sijui.

Siku moja jirani yetu, mama wa Kiswedi mwenye kofia ya jua, akachungulia mlangoni akauliza kama kile ni kifaa cha mazoezi ya mapaja. Rehema akasogea pembeni.

"Kaa," akamwambia kwa Kiswedi.

Yule mama akakaa. Akakuna nazi mpaka jasho likamtoka, akala wali, akarudi kesho yake na mumewe. Kabla kiangazi hakijaisha foleni ya kukuna nazi ilikuwa inaanzia mlangoni kwetu inafika ziwani. Vema, natia chumvi, haikufika ziwani. Lakini sauti ile ya nazi juu ya ulimi wa chuma, kwaru, kwaru, asubuhi ziwa limetulia, sitii chumvi nikisema ningeitoa fremu ya cheti niisikie tena.

Kisha mama yake Rehema akaanguka bafuni kule Tanga, nyonga ikavunjika. Rehema ndiye mtoto pekee wa kike. Akaniambia anakwenda kwa miezi michache, mpaka mama asimame. Mama hakusimama. Anakaa, anaongea, anaamrisha, lakini hajasimama, na miezi michache imekuwa kipupwe juu ya kipupwe.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameanza kujaza pipa. Mnayajua yale mapipa ya buluu ya kusafirishia vitu kwenda nyumbani. Alitia mashuka, sufuria, na nguo za watoto wa kaka yake. Kwetu Rågsved hapakuwa na nafasi, tukaliweka ndani ya karavani. "Usilitume mpaka nikwambie," akasema. Nami nikalielewa hivi: mwanamke wa kwetu hahami bila pipa. Maadamu pipa liko Stockholm, Rehema yuko safarini tu.

Kwa hiyo karavani ilipoingia kwenye banda la mkulima kwa ajili ya baridi, iliingia na pipa. Na hapa ndugu zangu somo linaanza, maana wengi wenu mna mapipa.

Sakafu ya zamani ilikuwa ya vigae vya kubanana, vile vinavyoshikana kwa meno bila gundi. Sakafu ya namna ile huelea. Baridi ikija inasinyaa yote kwa pamoja, joto likija inatanuka yote, na kinachoiokoa ni kwamba hakuna kilichoishikilia. Sasa wewe weka juu yake pipa la kwenda kwa mama mkwe. Upande wa pipa umegandamizwa, hauendi popote. Upande wa pili unavutwa na baridi. Plastiki kwenye baridi kali haina subira, inakuwa ngumu kama biskuti. Meno yanakatika. Nilipofungua mlango majira ya kuchipua, pipa lilikuwa limesimama vile vile kama askari wa lindo, na kando yake mfereji umepasuka mpaka mlangoni, unapitisha kidole. Unyevu ulikuwa umeshaingia chini.

Mtaniuliza: fundi mzima, ulishindwa kulishusha? Kulishusha nilipeleke wapi? Bandarini?

Saida akaja kuangalia. Binti yangu anafanya kazi ya kompyuta Kista, ana akili ya baba yake na ulimi wa mama yake, ila Kiswahili hukisikiliza tu, hujibu Kiswedi. Akasimama mlangoni akatazama ule ufa.

"Sälj den, pappa," akasema. Iuze, baba.

"Mama yako atalala wapi kiangazi?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto ni kitu kizito kuliko pipa. Lakini wiki ile ile Rehema akapiga simu kwamba kaka yake amepata likizo, atamwachia mama, na yeye kiangazi atakuja. Vijana, nilirudi kwenye banda lile mbio, magoti yangu haya haya yanayolia siku hizi kama ya Bengt.

Niliing'oa sakafu yote. Kwanza mbao za chini: usilaze kitu juu ya mbao usizozijua. Bonyeza kila pembe kwa kidole gumba, hasa chini ya dirisha na kwenye matao ya magurudumu. Mbao ikibonyea kama mkate, kata, toa, weka nyingine. Nusa pia. Pua ya fundi haistaafu. Nikaacha milango wazi na hita ikiwaka mpaka mbao zikakauka kabisa.

Wakati huo akaja rafiki yangu Kalonji, Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa basi mstaafu wa Fisksätra, ambaye naye ana karavani. Alisimama nje akinicheka.

"Papa Hamisi, vigae biko wapi? Tangu juzi unachoma umeme bure."

"Vinakunywa chai."

"Mon Dieu. Mimi yangu nililaza siku moja tu, c'est fini, kwisha!"

Kweli alilaza siku moja. Alivitoa vigae baridi kwenye kibaraza chake, akavilaza vikiwa vimejikunyata hivyo hivyo, akavisukuma vikagusa ukuta huku na huku bila kuacha hata nafasi ya karata, akajipongeza. Mwezi wa saba jua likapiga paa la karavani, akanipigia simu: "Mon frère, kuya uone! Chini inapanda yulu!" Nikaenda. Katikati ya sakafu palikuwa na kilima. Kalonji alikuwa amesimama juu yake kwa uzito wake wote, na Mungu amemjalia uzito, akijaribu kukishusha. Kila akishuka kinainuka. Mkewe amekaa nje anakunywa soda, akaniambia, "Mwache, anapanda Kilimanjaro."

Basi acheni nafasi kando ya kuta. Ukanda wa pembeni utaificha, hakuna mgeni atakayeiona.

Safari hii nilichagua vigae vya kubandika, na gundi ile isiyokauka kabisa, inayobaki ikinata kama halua. Gundi inayokauka ikawa mwamba haifai kwenye karavani inayolala baridini, kwa sababu kila kitu kitacheza na yenyewe itakataa kucheza. Hii ya halua inakisamehe kigae, na kigae kikiharibika unakibandua kimoja bila kubomoa nyumba. Nikapiga mstari wa chaki katikati, si kando ya ukuta, maana kuta za karavani hazijawahi kunyooka tangu dunia iumbwe. Kwenye tao la gurudumu nikakata kwanza karatasi ya kuokea, nikaifinyanga mpaka ikakaa, ndipo nikaihamishia kwenye kigae. Rola kubwa ya kugandamizia haikupita mlangoni. Nikachukua kifimbo cha Rehema cha kusukumia chapati, nikakizungushia kitambaa. Kalonji aliposhuhudia hilo akavua kofia.

Nikaja mpaka mlangoni, nikakata kigae cha mwisho. Nikakijaribisha kikakaa kama kimezaliwa pale. Kisha nikakitoa, nikafunika nafasi yake kwa karatasi ngumu, nikamwambia kila mtu: hapa hapakanyagwi.

Kiangazi kikaja. Rehema hakuja. Kaka yake alinyimwa likizo, halafu mama akapata homa ya mapafu, halafu siku zikaanza kufupika. Karavani ilikaa ziwani, pipa nje chini ya turubai, Saida akiliwekea kikombe chake cha kahawa kama meza. Wote tulikuwa tukiingia kwa kuruka ile nafasi ya mlangoni. Kumwona Kalonji akiruka ni jambo ambalo ziwa zima litalikumbuka. Yule mama wa kofia ya jua alipita kuuliza nazi zitaanza lini. Nikamwambia bado kidogo.

Majani yalipoanza kuanguka tukaenda na Saida kuifunga karavani. Hilo nalo mlijue: toa maji yote kwenye mabomba, inua magodoro yasiguse kuta, acha makabati wazi yapumue, weka chombo cha kunyonya unyevu, na juu ya sakafu pasibaki kitu chochote kizito. Tuko katikati ya kazi, simu ya video ikalia. Rehema.

"Baba Saida, geuza simu, unanionyesha matundu ya pua."

Nikageuza.

"Nionyeshe chini. Taratibu. Hee! Hiyo rangi ya mchanga. Umeikumbuka." Nyuma yake jogoo aliwika, na sauti ya mama yake ikauliza nani huyo. "Ni Hamisi, mama! Ananionyesha sakafu!" Kisha akasogeza uso karibu. "Hapo mlangoni mbona pako wazi?"

"Kigae cha mwisho."

"Umeishiwa?"

"Hapana."

Anaijua desturi ya Bengt, tumeishi na magoti yangu miaka yote hiyo.

"Baba Saida," akasema, na sauti ikashuka, "pipa litume. Mama anahitaji yale mashuka. Anajikojolea siku hizi, nafua kutwa."

"Sawa," nikasema. Niliisema kwa ile sauti ya fundi aliyeambiwa sakafu yote ing'olewe upya. Nikajifanya kukagua ukanda wa pembeni, ambao haukuwa na tatizo lolote duniani.

Saida alinitazama. Akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akavua soksi, nje baridi. Akachukua kigae, akakiweka mahali pake. Na binti huyu, ambaye hata nikimuuliza saa hunijibu kwa Kiswedi, akasema:

"Mama, nikukanyagie mimi?"

Nilidhani simu imekatika, kumbe Rehema alikuwa anavuta pumzi.

"Thubutu!" akafoka mpaka jogoo akanyamaza. "Toa huo mguu! Toa kabisa! Hicho ni changu."

"Basi utakuja lini?" Saida akauliza.

"Nimekwambia ni changu. Na mbuzi yangu iko wapi?"

"Iko kabatini," nikasema.

"Msije mkaitia kwenye hilo pipa. Mashuka na sufuria, basi. Mbuzi ibaki hapo ilipo."

Saida akakitoa kigae. Akavaa soksi yake taratibu, akifuta macho kwa mkono wa sweta, na habari ya kuuza karavani hajaigusa tena mpaka leo.

Pipa limeondoka kwa meli. Karavani iko bandani, kiza na baridi kali, sakafu haina mzigo wowote, inasinyaa itakavyo. Kigae cha mlangoni sikukiacha huko. Mnajua sasa kwa nini: hakilazwi kikiwa baridi, na sitaki siku hiyo ifike halafu nianze kumwambia mtu aliyetoka Tanga asubiri hita. Kiko hapa Rågsved, chumbani, kimelala bapa kitandani upande wa Rehema, joto la chumba limeshakiingia. Saida alipokiona akauliza kinafanya nini pale.

Nikamwambia kinakunywa chai.